Alichagua Chuo cha Bei Rahisi

Wewe mama mwenzangu ambaye mtoto wako amefaulu na sasa mnangoja chuo, kaa chini unisikilize. Siandiki kwa sababu najua sana. Shule yangu iliishia ya msingi, na kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya watu kwa dobi. Lakini hili limenipata, na nisingependa likukute umelala.

Binti yangu tunamwita Wakili. Tangu mdogo alikuwa mbishi: ukimwambia aoge, anataka kwanza kujua kosa lake. Baba yake alifariki mapema. Kaka yake akaenda nje kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana siku hizi akipiga simu anaongea kama mtu aliyeacha gari linaunguruma barabarani. Nikabaki na Wakili. Nyumba yetu ilikuwa na sauti mbili tu, na ya kelele haikuwa yangu.

Alipofaulu, vyuo viwili vikamwita. Kimoja cha kulipia, hapa hapa mjini, unavuka soko umefika getini. Kina vioo, kina bustani, na ukitajiwa ada yake unaomba kiti. Kingine cha serikali, safari ya kutwa nzima kwa basi, ada yake hata mimi naweza kuitamka bila kushika kifua. Mimi nilikwisha kuchagua kabla hajafungua mdomo. Nilitaka cha hapa. Jumapili mchana nikawaita ndugu tushikane mikono.

Walikuja wawili: kaka yangu mwenye duka la saruji na mabati, na wifi yangu mwenye saluni. Wakili akakaa kwenye stuli karibu na mlango.

"Mjomba wako nipo," kaka akaanza. "Ada niachie mimi. Utasoma uhasibu. Jumamosi unakuja dukani kuninyooshea hesabu, maana yule niliyenaye ananiibia huku ananichekea. Ukimaliza, duka limepata mhasibu wake."

"Na mimi shangazi yako siwezi kushindwa na muuza misumari," wifi akadakia. "Utakula kwangu. Pale na chuoni ni pua na mdomo. Kazi yenyewe ni kuniangalizia mapacha jioni tu."

"Mapacha gani?" kaka akamchokoza. "Wale waliochoma pazia?"

"Lile pazia lilikuwa limeshachakaa!"

Tukacheka. Hata Wakili alicheka. Nikaingia katikati: "Wifi, kula sawa, lakini kulala atalala hapa."

Wakili akanigeukia. "Na wewe mama, unataka nini?"

"Mimi? Mimi sitaki kitu, mwanangu. Nataka tu uwe unarudi jioni."

Aliniangalia. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Nimeshathibitisha kile cha serikali."

"Kwa nini?" Sote watatu kwa pamoja.

"Kwa sababu ni cha bei rahisi."

Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. "Mtu anapewa gari, anasema ana miguu!"

"Rahisi!" wifi akasema. "Mwanangu, hata nywele za rahisi zinanyonyoka."

Lakini walipoona hatanii, vicheko vikaisha, na chai ikabaki kwenye vikombe. Waliondoka midomo imewavimba. Nikamfuata Wakili uani, alikokuwa anaosha vyombo.

"Umenivua nguo mbele ya watu," nikamwambia. "Wanakupa, wewe unawarudishia?"

"Hawajanipa, mama. Wamenikodi."

"Na mimi je?"

Akasuuza kikombe ambacho alikuwa ameshakisuuza. "Kule mkopo wa serikali karibu unatosha. Kinachopungua nitakitafuta likizo. Ada ile naiweza mwenyewe. Nikifeli, nimefeli mimi. Nikifaulu, sina mtu wa kumwomba ruhusa niende wapi. Halafu kule kuna upimaji wa ardhi. Hapa wanafundisha biashara, na ukiichoka wanakupa biashara nyingine."

Nilichomuuliza mimi, hakukijibu. Nikaona kabisa kwamba hakukijibu.

Akaenda. Mwenzangu, sijui nikuelezeje ule ukimya. Nilikuwa nikitoka kazini naanza kusimulia mlangoni, mdomo uko wazi, funguo ziko mkononi, ndani hakuna mtu. Nikawa nakaa dukani kwa muuza mkaa bila kununua mkaa. Wifi alikuwa akiniona sokoni anajifanya anachagua nyanya. Kazini wenzangu walidhani nimeanza kusali, kumbe nilikuwa nabishana na Wakili juu ya shuka la mteja, na bado ananishinda.

Nikamwendea kaka, nikamlainisha. Akasema sawa, akirudi kabla mwaka wa masomo haujaanza kwenye hiki cha hapa, ada ipo palepale. Basi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Nilikuwa nakwenda kumrudisha mwanangu, na nakuambia wazi ili usije ukadhani nilikwenda kumsalimia.

Bweni lao nililiona kwa macho yangu. Vitanda vya juu na chini, wasichana sita chumba kimoja, ndoo zimepangwa foleni kwenye korido kama watu. Nikajisemea moyoni, hapa nina kesi nzuri. Wakili hakuwepo. Nikawauliza wenzake waliokuwa chumbani, "Nyie, kwenu hakuna vyuo mpaka mje kujibana huku?"

Mmoja aliyekuwa anasuka nywele zake mwenyewe alisema, "Mama, baba yangu alitaka kuuza shamba. Nikamwambia uza, lakini siendi. Nikachagua hapa, shamba lipo."

Mwingine akasema yeye alifuata mwalimu mmoja tu, anayefundisha mambo ya nyota, na mwalimu huyo hapatikani kwingine.

"Muongo," mwenzake akamkata. "Ulimfuata mwanafunzi wake."

Msichana wa tatu alicheka, lakini aliponigeukia hakuwa akicheka tena. "Mimi nilitaka mahali ambapo kuna wengi kama mimi. Cha kulipia nilikaa muhula mmoja, mama. Wenzangu wakisema twende kula, mimi naumwa tumbo. Niliumwa tumbo muhula mzima."

Nikawashukuru. Wakanielekeza uwanjani nyuma ya madarasa.

Nikamwona kwa mbali. Kofia ya majani kichwani, mbele yake ile darubini yao ya kupimia ardhi, ya miguu mitatu. Aliinua mkono, akaupunga kwa nguvu. Nikampungia. Akanyoosha mkono kushoto, nami nikaona ananionyesha njia, nikaenda kushoto. Akapunga tena, kidogo kidogo, nikasogea kidogo kidogo, natabasamu peke yangu kwenye nyasi. Halafu akashusha mikono yote miwili, nikasimama. Nilidhani anakuja kunikumbatia.

"Mama! Toka kwenye mstari!" Sauti haikuwa yake. Nyuma yangu alikuwepo mwenzao ameshika fimbo ndefu ya mistari myekundu na myeupe. Ndiye aliyekuwa akipungiwa muda wote. Wakili alikuwa ameinama kwenye darubini yake, na alipochungulia mle ndani akamkuta mama yake amejaa tele.

Alikuja mbio, anacheka, akanikumbatia kweli. "Nani kakupanga hapo, mama?"

"Wewe," nikamjibu. Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, nikajikaza kisabuni.

Asubuhi yake akanisindikiza stendi. Pale ndipo nikatoa nililolibeba. "Mjomba wako bado yuko tayari."

"Najua. Alinipigia. Nimemshukuru."

"Umemshukuru tu?"

"Nimemshukuru na nimekataa."

"Likizo utakuja, lakini?"

"Likizo tumepata kazi ya kupima barabara, mama. Ndiyo pesa ya muhula ujao."

"Na barabara ikiisha?"

"Masomo yanaanza." Akanishika mkono. "Mama, ya mjomba ningeyalipa kwa hesabu. Ya shangazi kwa mapacha. Wewe ulisema hutaki kitu. Wewe ningekulipa kwa kitu gani nikamaliza?"

Kondakta akapiga bati. Nikapanda, nikakaa upande wa dirishani, na lile neno "rudi nyumbani" nikaondoka nalo.

Kwa hiyo nakuonya. Mtoto wako akikuambia amechagua chuo cha serikali kwa sababu ni rahisi, usikimbilie kushukuru kwamba ada ni ndogo, wala usimcheke. Muulize anakimbia bei ya nani. Muulize mapema, kabla hujaita ndugu, na jibu likikugusa wewe, lipokee. Mimi mpaka leo naona angekaa karibu. Naliandika hili nikiwa bado nabisha.

Sasa nimejiwekea kumpigia Jumapili tu. Simuulizi atarudi lini. Namuuliza wamepima nini, ananieleza mabonde na mito, nusu yake siielewi, nasema "ehe" ili asikate. Jumapili iliyopita simu iliita mpaka ikachoka. Nimejiambia wako porini, hakuna mtandao. Sijampigia tena.