Mgeni wa Safu ya Kulia

Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, mpima protini alisaga mahindi ya aina mbili katika vinu viwili vidogo vya kauri, akabadilisha glavu kila alipohama kinu. Kinu cha kwanza kilikuwa na mahindi ya kawaida. Cha pili kilikuwa na mahindi yaleyale, ila yaliongezewa jeni moja ya kumwangamiza funza wa mabua. Kampuni ya mbegu ilitaka kujua kama kuna protini nyingine iliyobadilika njiani.

Mahindi ya aina zote mbili yalikuwa na asili moja: shamba la mama mkwe wake. Miaka ya nyuma watu wa kampuni walipita pale, wakayasifu magunzi yalivyojaa punje, na mama mkwe, ambaye ukimsifia kitu lazima uondoke nacho, akawapa kapu zima na kuwasindikiza hadi barabarani. Wakaongeza jeni yao, wakarudi na pakiti zenye jina la kampuni. Mbegu yake ya zamani ilikuwa imeisha kwa funza. Kilichobaki ni kikombe kimoja, nacho ndicho kilichokuja maabara. Kwa hiyo mama mkwe alinunua pakiti, akapanda, akayapenda, na baada ya mavuno akayaning'iniza yaliyonona juu ya jiko kwa ajili ya msimu ujao, kama alivyofanya maisha yake yote.

Wakala wa kampuni akaja, akanywa chai, akaeleza kwa upole kwamba mahindi hayo huliwa, hayapandwi tena. Jumamosi angerudi kuyachukua.

"Wewe si ndiye unayeyapima?" mama mkwe alimwuliza mkaza mwanawe. "Yaulize yenyewe ni ya nani. Yakisema ya kampuni, nayashusha kwa mkono wangu, sitaki ugomvi na mtu. Yakisema yangu, yanabaki palepale."

"Mama, mahindi hayaulizwi hivyo."

"Kumbe mnayauliza nini siku zote na makoti yenu meupe?"

Mpima protini akaongeza chai.

Sasa, maabara Jumanne hiyo, alichemsha unga wake katika dawa ili protini zinyooke, akazitia juu ya jeli, bamba laini la kuzichuja kwa ukubwa. Za kawaida alizipa safu ya kushoto, zilizoongezewa jeni safu ya kulia, na katikati akaacha safu tupu, majirani wasije wakamwagikiana. Akawasha umeme. Umeme huzivuta protini kwenda chini: nyembamba hukimbia, nene hubaki nyuma zikihema. Baadaye aliilaza jeli kwenye rangi ya buluu, juu ya mashine inayobembeleza polepole, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, protini zilikuwa zimeketi. Walikuwa watu wa buluu, wafupi kuliko ukucha, kila mmoja mahali pake. Wanene walikaa juu, wamejiegemeza. Wembamba walikuwa chini kabisa, wakijidai kana kwamba kuna zawadi. Walikuwa wametoka kuchemshwa, hivyo walikuwa na haki ya kununa, lakini walikuwa wakipiga soga. Mpima protini akavuta kiti, akafuta miwani, akaanza kulinganisha.

"Nani huyo anayesema sana huku kushoto?"

"Shangazi," wakajibu wa kushoto.

"Na huku kulia?"

"Shangazi huyohuyo," wakajibu wa kulia. "Upande wowote utakaomweka, hanyamazi."

Alimpitia kila mmoja, juu hadi chini. Kila aliyekuwa kushoto alikuwapo kulia, na kila ugomvi wa kushoto ulikuwapo kulia. Kulia tu, katikati ya ukoo, aliketi kijana mmoja mwembamba, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kuposa na amesahau jina la binti.

"Na wewe?"

"Mimi mgeni. Nashughulika na funza."

"Wanakutendea vizuri?"

"Wananilisha mno," akasema.

"Tumwache akonde?" akadakia shangazi wa kulia. "Watu watasema nini?"

Mchana mpima protini alikwenda kula. Akarudi na kukuta safu ya katikati si tupu tena. Wa kushoto na wa kulia walikuwa wamekutana humo, wanakumbatiana na kuulizana habari, na mashangazi wawili walikuwa wakisema kwa pamoja bila yeyote kumsikiliza mwenzake.

Mkuu wa maabara, aliyeitwa Daktari Wastani kwa sababu hakuamini jambo lolote mpaka aligawanye, aliinama kuwatazama.

"Warudishe kwenye safu zao, nipige picha."

Hapo ikawa kazi. Hakuna aliyekumbuka alikotoka. "Mimi nilikuwa wapi?" aliuliza mmoja wa wanene. "Kaa popote, kwani nani atajua?" akajibiwa. Ni mgeni peke yake aliyesimama, akajipangusa, akaenda kuketi kulia.

"Daktari, hawa wote ni wa kwa mama mkwe wangu," mpima protini alisema.

Daktari aliwauliza kama ni kweli.

"Kweli tupu," wakasema pande zote. "Hata jembe lake tunalijua, lina mpini uliopinda."

"Mimi nililetwa kwao sijui mtu," mgeni akasema taratibu. "Ila tangu niingie, nyumba nzima imeandikwa jina la kampuni iliyonileta. Nimewaambia, wakanijibu nisijali, nile."

Daktari Wastani alikuwa mtu mwema. Alipepesa macho. "Tumeulizwa kama kuna tofauti," alisema mwishowe. "Hatukuulizwa ni wa nani." Akaandika kwamba hakuna tofauti ila ile iliyokusudiwa. Lilikuwa neno la kweli, na kampuni ililipokea kwa furaha.

Ijumaa mama mkwe alikuja mwenyewe. Alivalishwa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Watu wa jeli walipomwona walisimama wote, hata wanene.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona wa buluu?"

"Ni mambo ya hapa kazini."

"Na huyu mwembamba?"

"Huyo mgeni."

"Mgeni gani anakaa msimu hadi msimu?" akasema mama mkwe. "Huyu naye wangu." Mgeni aliinamisha kichwa, na rangi yake ikakolea kidogo. Mama mkwe akarudi nyumbani na jibu lake.

Jumamosi wakala alifika na ripoti mkononi. "Hata maabara imethibitisha, mama. Hakuna kilichobadilika ila kile chetu kimoja."

"Kama ni kimoja tu, si ni yangu haya?"

"Kwa kula ni yako. Kwa kupanda ni yetu."

Wakala alipoyashusha kutoka juu ya jiko, mahindi yalipiga kelele ndani ya gunia, akalifunga mdomo kwa kamba. Mama mkwe alimwelekeza alishike kwa chini, lisije likachanika, akamsindikiza hadi barabarani kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Mvua zilipokaribia, alikwenda dukani na mkaza mwanawe. Walipofika mbele ya kaunta, pakiti za mbegu zilianza kutikisika kwenye rafu na kumwita. Muuzaji, aliyekwisha kuzoea, aligonga rafu kwa rula.

"Wanakujua, mama?"

"Ni wa nyumbani."

"Haya. Pakiti ngapi?"

"Mbili. Nipe zile zinazopiga kelele zaidi."

Mpima protini alitazama viatu vyake. Muuzaji alichagua kwa uangalifu, akiweka sikio kwenye kila pakiti, kisha akaziweka mbili juu ya kaunta.

"Zenye kelele na zilizonyamaza," akasema, "bei ni moja."