Siku Kinyozi Aliposema Karibu

Joto la mwaka ule halikuwa na adabu hata kidogo. Lilibisha hodi kabla watu hawajapiga mswaki, likashinda nao kutwa nzima, na jua likizama, lenyewe likagoma kuondoka. Paka wa jengo lile walilala koridoni wamejinyoosha kama matambara, na mama wa ghorofa ya pili aliapa kwamba bomba lake lilikuwa linatoa chai.

Nesi aliyepanga ghorofa ya kwanza ndiye aliyewakusanya watu uani akatoa amri. Kila anayekaa peke yake atapewa mwenzake. Asubuhi, mchana na jioni wataonana uso kwa uso, watakunywa maji pamoja, na kila mmoja atamsikia mwenzake akiongea.

"Sio kuchungulia dirishani mkaniambia mzima," alisema. "Aongee! Joto likimpanda mtu kichwani, mdomo ndio unaosema kwanza."

Kisha akawapanga. Fundi viatu wa chini akapewa kinyozi mstaafu wa juu kabisa, kwenye chumba kilichogusana na bati. Loo! Watu wakashika midomo. Wawili hao walikuwa wanyumba, wameoa dada wa tumbo moja, lakini hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Kinyozi aliwahi kuazima ngazi ya fundi akairudisha na kidato kimevunjika, akasema aliichukua hivyohivyo. Tangu siku hiyo, ni kununiana tu. Wake zao ndio waliokuwa wakituliza mambo, na sasa wamesafiri wote wawili kumlea mjukuu mchanga.

"Nesi, huyu hapana," alisema fundi.

"Huyu ndiyo," alijibu Nesi, akageukia wengine.

Basi fundi akawa anapanda ngazi kwa shingo upande, chupa ya maji mkononi, akihema na kulaani. Kinyozi alifungua mlango kiduchu, akauliza:

"Bado hujafa tu?"

"Bado. Nakungojea wewe utangulie."

Wakanywa maji wakitazamana kama majogoo, mlango ukafungwa. Sheria imetimia. Ikawa ndiyo salamu yao ya kila mara, na fundi, ingawa asingekubali hata kwa kiapo, alianza kutunga majibu huku akishona soli.

Siku joto lilipozidi, kinyozi alimpasulia asubuhi: "Mchana usije. Sura yako inaniongezea joto. Nataka kulala."

Fundi alishuka akiwa amevimba. Mchana ulipofika akajisemea, kama hataki kuonwa, asionwe, mimi ni nani? Akashika kiatu. Akakiweka. Akakishika tena. Mwisho akasonya, akachukua chupa, akapanda.

Mlango ulikuwa wazi. Kinyozi alisimama katikati ya chumba na koti lake la kazi, lile zito jeupe, kalifunga vifungo vyote, kitana mkononi. Uso umemwiva, na hana hata tone la jasho.

"Karibu, ndugu yangu," alisema kwa sauti tamu. "Karibu sana. Kaa, leo foleni ndefu, lakini wewe nitakutanguliza."

Moyo wa fundi ulipiga paa. Ndugu yangu? Huyu? Alimgusa mkono, ukawa wa moto kama pasi.

"Nesi!" alipiga ukelele uliotikisa bati. "Nesi, njoo! Mwanyumba ananipenda!"

Nesi alikuja mbio. Siku nyingine angecheka, lakini alimtazama kinyozi mara moja tu akaanza kutoa amri. Mtu apige simu, gari la wagonjwa lije. Koti livuliwe. Ashushwe chini kwenye sakafu baridi ya fundi. Mama wa ghorofa ya pili alileta ndoo na mashuka; wakamlowanisha mwili mzima, wakamwekea vitambaa vya maji baridi shingoni na kwapani, wakampepea kwa masinia. Fundi akaleta maji ya kunywa.

"Usimnyweshe!" Nesi alimzuia. "Hajielewi, yatampalia. Pepea!"

Fundi akapepea mpaka mabega yakawaka. Machozi yalimtiririka waziwazi na hakujali nani anaona. "Nitukane," alimwomba. "Nitukane kidogo tu, mwanyumba." Kinyozi akamtabasamia, na tabasamu lile likamtia hofu kuliko kitu chochote. Gari lilipofika, fundi alipanda naye pekupeku.

Kesho yake, hospitalini, kinyozi alifumbua macho, akamkuta fundi amekaa kitandani, miguuni pake.

"Nani amekuruhusu kunikalia miguu?"

"Alhamdulillahi!" fundi aliruka. "Amepona! Huyu ndiye mwenyewe, si yule wa jana wa 'ndugu yangu'!"

Kinyozi akauliza kwa sauti ya chini, "Eti nilikuita ndugu yangu?"

"Uliniita."

"Mbele ya nani?"

"Tulikuwa peke yetu."

"Afadhali. Usimwambie mtu."

"Nimeshaliambia jengo zima. Na wake zetu nimewapigia."

Kinyozi alitaka kununa, kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akakohoa. Fundi alimsubiri amalize.

"Ukitoka hapa unakaa kwangu chini mpaka joto lipungue. Kule kwenye bati hurudi."

"Amesema nani?"

"Nimesema mimi. Jana kidogo nisipande, unajua? Niliogopa, mwanyumba. Ukifa wewe, mimi nitanuniana na nani?"

Badala ya kumtukana, kinyozi akauchukua mkono wa fundi, ule mgumu wenye gundi kwenye kucha, akaushika, na hakuuachia hata muuguzi wa zamu alipokuja kusema saa ya kutazama wagonjwa imekwisha.