Ua Lililokataa Kukauka

"Rudisha hayo mawe, Tamsin! Meli inaondoka saa sita!"

"Iondoke. Ua hili haliendi London."

"Siku tisa nabadilisha karatasi, leo ndiyo unaanza vituko?"

Siku tisa, kweli. Mume wangu Elkanah huwakaushia mimea mabwana wa London. Huitandaza kati ya karatasi, huibana kwa mbao mbili na mawe, na siku ya nne huwa imekauka kau. Hili jeupe lilikataa. Kila asubuhi karatasi zililowa. Juzi lilikuwa na majani matatu, leo manne. Na mzizi mmoja ulikuwa umepenya nje ya mbao, umeelekea kitanda changu.

"Hakuna mtu aliyewahi kuliandika," alisema. "Miaka ishirini nimezama kwenye vinamasi vya watu, kumbe lilikuwa hapa Pennsylvania. Litaitwa kwa jina langu."

"Ulilichimba wapi?"

"Nyuma ya nyumba ya ibada, chini ya ukuta. Pale penye nyasi tupu."

"Nyasi tupu! Na sisi Wakweka tunazika wapi, mtaalamu?"

Katika dhehebu letu makaburi hatuyawekei mawe wala majina. Aliyekuwepo mazikoni ndiye ajuaye nani amelala wapi. Dorcas, binti yetu, alipokufa kwa homa, baba yake alikuwa Carolina akitafuta mbegu. Aliporudi hakuuliza mahali, nami kwa hasira sikumwambia.

Niliinua ubao, nikalitoa ua. Lilikuwa na joto, kama kiganja cha mtoto aliyetoka usingizini. Nikaitenganisha mizizi. Katikati yake kulikuwa na uzi wa buluu, umezungushwa mara tatu.

"Uzi gani huo?"

"Wa kofia niliyomvika Dorcas siku ya kumzika. Wazee wangeuona wangenisema kwa kupenda mapambo. Niliushonea ndani."

Elkanah aliugusa kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka. Alilitazama sanduku la London, wazi mlangoni, nafasi moja tu ikiwa imebaki. Akalifunga kwa goti.

"Nionyeshe mahali, Tamsin."

Nilimwonyesha palepale alipochimba. Alifukua kwa mikono yake, bila jembe. Niliposhusha ua shimoni, mizizi ilinitoka vidoleni kabla sijaiachia.

Tulipomaliza kushindilia udongo, majani yote manne yalikuwa yameshanyauka. Halikuwa na wa kumngoja tena.