Zulia la Mama Limetazama Magharibi

Laoban Ma, yaani bosi Ma, alilikunjua zulia kwa madaha, akajishika kiuno, akangoja nimsifu. Mimi damu ikanipanda kichwani. Mihrabu zilizofumwa humo, safu kwa safu, zilielekea upande usio sahihi.

"Laoban, hizi zinatazama wapi?" nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni.

"Magharibi. Kibla."

Ghala lake liko nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda. Nanunua kwake miaka sasa, kwa sababu ni Mwislamu, hakosi sala, na hapunji kipimo. Lakini zulia hili halikuwa la biashara. Lilikuwa sadaka ya mama yangu kwa msikiti wa mtaani kwetu, Pangani. Mama anaumwa, na ameniomba kitu kimoja tu: zulia moja zima, ukuta hadi ukuta, litandikwe kabla ya Ramadhani naye alione. Zima, alisisitiza, maana pale kwetu wenye nacho huja na miswala yao minene, wengine wanasujudu kwenye mkeka uliotoboka, na jambo hilo limemkera tangu nikiwa mtoto.

Nilimchorea Ma msikiti wote: milango, nguzo nne ambazo zulia lingetobolewa kuzizunguka, na mshale wa kibla, kaskazini. Matundu ya nguzo ameyakata sawasawa. Mihrabu ndizo zimegeuka. Na ukiligeuza zulia, matundu hayakutani tena na nguzo.

"Mshale wangu ulikwenda wapi?"

"Nilikurekebishia," akasema, uso umemkunjuka kama mtu aliyetenda wema. "Wewe una mambo mengi, ulikosea. Nikaona nikilifuma vile, dhambi itakuwa yangu."

Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Angekuwa mwizi ningemtukana nikapoa. Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikaweka kidole Pangani na kukipandisha moja kwa moja, Kenya, Ethiopia, Bahari ya Shamu, mpaka Makka.

"Kwetu ni kaskazini," nikasema. "Mturuki anageukia kusini. Mmoroko mashariki. Magharibi ni yenu nyinyi wa huku."

"Mpakistani ananunua kwangu, Mbengali, Mmalesia. Wote magharibi."

"Na mimi ni Mbengali?"

Akaitazama ile ramani muda mrefu, akaipanua kwa vidole, akaipunguza. Kisha akaketi juu ya robota. "Sikujua," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Nilitamani abishe.

Simu ikaita. Ni Khalid, kijana wa Tanga anayetusafirishia mizigo. "Dada Swalha, kontena linafungwa alasiri hii, gari la bandarini Nansha halingoji. Mzigo wa msikiti uko wapi?"

Nikamuuliza Ma kama anaweza kufuma jingine. Akatikisa kichwa. "Mei banfa." Hakuna namna, si kabla ya Ramadhani. Halafu akainuka, akaenda kuchukua mkasi mkubwa wa kukatia mazulia. Akanionyesha: tukikata kila mihrabu peke yake, kila mmoja atakuwa na mswala wake, na mswala unageuzwa popote.

"Mama yangu hakuomba miswala," nikamwambia. Nikampigia mama, nikamweleza yote, nikangoja anilaumu.

"Kateni," akasema.

"Mama, si ulitaka zima?"

"Si itakuwa yote sawa? Hakuna wa mswala mnene wala wa mwembamba. Kateni, na mimi mniwekee mmoja."

"Wa nini? Wewe utakuwa na sehemu yako kulekule msikitini."

"Msikitini sifiki tena, Swalha. Nasali hapahapa kitandani." Akapumua kidogo. "Jana kitanda wamenigeuzia. Kibla."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Wote nyumbani wananipigia kila siku, wananiuliza habari za mzigo, na hakuna aliyeniambia. Kwetu mgonjwa hageuziwi kitanda kibla hivihivi, ila anapokaribia mauti.

Nikapiga magoti, nikaishika pembe ya zulia ili lisiteleze. Ma akakata mswala wa kwanza, taratibu, bila kuniangalia. Iliyobaki waliikata wafanyakazi wake, ikaenda Nansha, kisha mwezi mzima baharini. Huo mmoja niliukunja nikautia kwenye begi langu la mkononi, nikampigia Khalid anitafutie ndege ya usiku huohuo.