Anayemimina Huanza Kunywa

Mimi ndiye niliyekunywa mvinyo wa mgeni, na sijutii hata kidogo. Nasema mapema kwa sababu hapa Mbamba Bay habari imeshazunguka sokoni kwamba mama Tadea, msimamizi wa ukumbi katika mgahawa wa Bwana Lusekelo, anaiba vinywaji vya watu huku wanamtazama.

Sikuiba. Nilifungua chupa, nikajimiminia kidogo, nikanywa, ndipo nikammiminia mgeni. Kwetu Kihagara ndivyo tulivyolelewa. Marehemu mama yangu alipika pombe maisha yake yote, na hakuna aliyepokea kata mkononi mwake kabla yeye mwenyewe hajanywa, mgeni akimwona. Maana yake ni kwamba sina ubaya na wewe, kunywa kwa amani. Lakini mgeni wangu, bwana mmoja mnene anayenunua makaa ya mawe Ngaka, alinuna. Akasema huko mjini mgeni ndiye huonja kwanza.

Bwana Lusekelo akaniita pembeni. "Mama Tadea, yule bwana anarudi Jumamosi na wenzake. Anataka mvinyo mpya, na anataka kuhudumiwa kistaarabu. Ukinywa tena kabla ya mgeni, ufunguo wa ukumbi nampa Luisa."

Neno hilo la kistaarabu lilinichoma. Ufunguo ule nimeushika tangu tulipokuwa tunaazima meza parokiani, na ndio uliomsomesha Tadea wangu. Nikamjibu, "Sawa, mzee. Ila huo mvinyo tuchague wote."

Alhamisi akaja muuzaji wa mvinyo kutoka Songea, kijana anaitwa Glorious, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Aliniamkia vizuri, nikampenda kidogo. Akapanga chupa zake mezani, na Luisa, mhudumu mwenzangu, akatuletea mbasa wa kuchoma, maana wageni wetu hunywa mvinyo wakila samaki. Glorious akamimina glasi mbili, yangu na ya mzee.

"Na yako?" nikamuuliza.

"Mimi niko kazini, mama."

"Na sisi tuko kazini. Umeleta wewe, anza wewe."

Bwana Lusekelo akaguna. "Mama Tadea, hili si tumeshaliongea?"

"Tuliongea kuhusu mimi kunywa, mzee. Sasa namwambia yeye."

Glorious akacheka, akajimiminia. Ule mweupe wa Dodoma aliunywa wote, akaangalia kama chupa ina zaidi. Tukanywa na sisi, ukakaa vizuri na mbasa, tukauchukua. Mwekundu wa huko huko aliunywa akalamba midomo. Niliona ni mzito kwa samaki lakini utafaa kwa mbuzi, nao tukauchukua. Wa tatu, wa Afrika Kusini, ulikuwa mkali mpaka nikafumba jicho moja. Tukabishana na mzee, akashinda yeye. Wapo wanaoupenda ukali, basi na wapate.

Ikaja chupa ya mwisho, kubwa, shingo yake imevishwa karatasi ya dhahabu. Hii Glorious aliisifia kuliko zote. Bei ya kununua ndogo, ya kuuzia kubwa, na kila katoni inakuja na glasi za bure. Macho ya mzee yakang'aa. Kijana akatumiminia, akajimiminia na yeye, akagusisha glasi mdomoni, akaiweka chini.

"Hujanywa, mwanangu."

"Nimeonja, mama."

"Koo lako halikusogea."

Mzee akapiga meza. "Inatosha. Unaniaibisha. Kunywa utoe maoni yako, au weka ufunguo hapa."

Nikautoa ufunguo mfukoni mwa aproni, nikauweka karibu na miiba ya samaki. "Huu hapa. Lakini sinywi kitu ambacho aliyekileta anakiogopa, na simpi mtu akinywe. Hata padri, divai anaanza yeye, na sijasikia mtu akimwita mwizi. Kunywa wewe, mzee."

Akainyakua glasi kwa hasira. Ikafika kidevuni, ikasimama. Akamtazama Glorious, na Glorious akawa anamtazama samaki. Glasi ikarudi mezani ikiwa imejaa vilevile.

"Kijana, huu mvinyo una nini?"

"Gari liliharibika njiani, mzee. Ulikaa juani siku nyingi, umeharibika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bosi anataka tu uishe."

Mzee akamwambia aiondoe chupa yake. Kuhusu ufunguo hakusema neno, si la heri wala la shari. Nilingoja, nikachoka kungoja, nikauchukua mwenyewe, nikauosha kwa sabuni na kuurudisha mfukoni.

Jumamosi mchana yule bwana wa makaa akaja na wenzake, wakaagiza mbasa na mvinyo mweupe wa Dodoma. Nikafungua chupa mbele yao. Nikajimiminia tone, nikanywa nimesimama wima, wala sikugeuka kuangalia nani ananiona.

Akasukuma kiti nyuma. "Lusekelo, huyu mama bado anakunywa mvinyo wangu. Hukumwambia?"

Mzee akatoka kaunta akiburuza kandambili zake. Mimi mkono ulikuwa tayari mfukoni, nimeushika ufunguo, nimpe kabla hajauomba.

Akachukua glasi tupu kwenye meza ya jirani, akaninyooshea.

"Nimiminie na mimi kidogo," akasema. "Halafu ndipo yeye."