Isale kwa Henri wa Nane

Mzee Eliufoo hakuwaheshimu wafalme wa Uingereza, na sababu zake zilikuwa za mtu aliyewasoma. Alipokuwa shule ya misheni alichapwa viboko sita kwa kuwasahau wake wa Henri wa Nane, kimoja kwa kila mke. Tangu siku hiyo aliwajua wote kwa mpangilio, na akamdharau mume wao bila kupumzika.

Sasa, mwaka 1996, aliketi kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa shule mpya ya kulipia huko Soweto, mjini Moshi, akisubiri kumwona mfalme yuleyule akiigizwa kwa Kiingereza na watoto wa Kichagga. Alikuja kwa ajili ya mjukuu wake, ambaye angekuwa malkia Ana, mke wa pili, yule aliyekatwa kichwa.

Mjukuu huyo aliitwa Victoria, na jina hilo ndilo lililoivunja nyumba. Binti wa kwanza wa mwanawe Calvin alipaswa kupewa jina la bibi yake, Eunike. Calvin akampa la malkia wa Uingereza. Miaka kumi mzee hakumruhusu mwanawe avuke kizingiti chake. Calvin alituma kadi yenye maua, imeandikwa samahani kwa Kiingereza. Mzee aliitumia kuwashia moto.

"Shikamoo, baba." Calvin alikuwa amesimama ubavuni pake.

Mzee alimgeukia mkewe. "Eunike, unajua wakuu wa ikulu ile waligombania kazi gani? Kumhudumia mfalme chooni! Mabwana wenye mashamba na majumba, wanasukumana ili washike taulo!"

"Umeamkiwa," mkewe alisema.

"Na huyu Ana alihukumiwa na mjomba wake mwenyewe. Watu wazima, wamevaa mahameli, hakuna hata mmoja aliyepiga goti kumwombea."

Pazia lilifunguliwa. Mfalme alikuwa mvulana aitwaye Theodory, mto umefungwa tumboni, ndevu za pamba zimekaa upande. Victoria aliingia kuaga dunia. Lakini badala ya kuaga alipiga magoti, akachomoa kifuani jani la isale lililofungwa fundo, akamnyooshea mfalme kwa mikono miwili.

Wazazi walinyoosha shingo. Kila aliyezaliwa mlimani alijua kwamba anayeletewa isale husamehe, hata kama kosa limemtoa machozi.

"Kataa!" mwalimu wa maigizo, aliyekuwa mgeni pale Moshi, alinong'ona nyuma ya pazia. "Haimo kwenye historia!"

"Theodory!" Sauti ya mama yake, Mektrida, ilipasua safu za wazazi. "Thubutu ukatae, uone kama utalala kwangu!"

Mfalme alimtazama mwalimu, akamtazama mama yake, akapokea. Malkia akapona. Vigelegele vililipuka.

Mzee Eliufoo alicheka hadi fimbo ikaanguka. "Umeona? Mtoto mwenye mto tumboni ana utu kumzidi Henri na ikulu yake yote! Lile lilikuwa jitu la kula na kuua tu."

Alipoinama kuokota fimbo, alikuta viatu vya malkia mbele yake. Victoria alikuwa ameshuka jukwaani, taji limeegemea sikio, na mkononi ana jani la pili. Akapiga magoti.

"Lile la mfalme lilikuwa la mchezo, babu. Hili ni la baba."

"Nani amekutuma?"

"Bibi ndiye aliyelikata mpakani mwa shamba. Baba alisema utakataa."

"Alisema nini?"

"Kwamba utakataa."

Eunike alikuwa akiitengeneza kanga yake kwa uangalifu mkubwa. Mektrida, safu mbili mbele, alikuwa amegeuka mzima mzima kumtazama Mzee Eliufoo. Uso wa mzee uliwaka. Yeye, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, apimwe kwa kipimo cha Henri, na aonekane mfupi?

Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea.

"Marahaba," alisema, bila kugeuza shingo.

Calvin hakusogea.

"Basi kaa! Umenisimamia hapo kama mshika taulo."