Mwanakaya Namba Nne

Usiku wa jana niliota kalamu isiyo na wino inaniita kwa jina kamili: Longinus Mbunda, mdadisi wa kaya, miaka kumi na tisa kazini, hajapandishwa cheo.

"Hilo la cheo lilikuwa na ulazima?" nikauliza.

"Nasoma kilichoandikwa," kalamu ikajibu.

Ilikuwa ile kalamu ya plastiki, nyembamba kama mrija wa soda, inayochomekwa ubavuni mwa kikompyuta cha mkononi. Tumegawiwa wiki hii, kila mdadisi na chake. Miaka yote tumepita nyumba kwa nyumba na madodoso ya karatasi, tukiuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Sasa karatasi zimestaafu kabla yangu, na hazikuniaga.

Tulikuwa kwenye darasa la mafunzo, ambalo pia lilikuwa jiko letu la nyumbani. Wenzangu walikaa kwenye madawati kuzunguka mafiga na hakuna aliyeona ajabu. Mke wangu Osmunda alikuwa anasonga ugali kati ya safu ya pili na ya tatu. Mama yangu alikaa dawati la mbele, anachambua mboga za maboga.

Dada Eusebia, mkufunzi wetu, alisimama juu ya kinu. Ni binti wa miaka ishirini na sita mwenye subira ya mtu anayefundisha kuku kuogelea. Katikati ya paji lake la uso palikuwa na alama ndogo ya msalaba, kama ile inayotokea kwenye kioo cha kikompyuta ukikiwasha mara ya kwanza.

"Gusa katikati, mzee Mbunda."

"Nikuguse usoni, dada? Mke wangu ana mwiko mkononi."

"Gusa, acha utani. Chombo kinataka kujua mkono wako unaamini katikati ni wapi."

Nikagusa. Nikakosa. Nikagusa tena, nikakosa tena, palepale.

"Mkono wako unaelemea kushoto," kikasema kikompyuta kiganjani mwangu. Kilikuwa na sauti ya karani aliyetoka kula mchana. "Kushoto kuna nini?"

Kushoto kulikuwa na mlango wa chumba cha pili.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Nimeandika: hakuna kitu. Tuendelee."

Dada Eusebia akapiga makofi. "Haya wazee wangu, mazoezi. Kila mdadisi aandike kaya yake mwenyewe."

Hapo lazima niseme jambo. Mkono wangu umelelewa na karatasi ya kaboni. Dodoso letu la zamani lilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya ofisi, njano ya wilaya, na ya waridi ya kubaki na wenye nyumba. Usipokandamiza, ya waridi haisomeki, na watu wanabaki na karatasi tupu ya kufungia chumvi. Kwa hiyo nikaandika jina langu kwenye kioo kama nilivyozoea, kwa bega zima.

Maandishi yakapenya kioo. Yakapenya dawati, yakapenya sakafu. Chini kabisa ya ardhi nikasikia mtu anakohoa.

"Nimeipata nakala yangu," ikasema sauti ya marehemu baba. "Lakini usikandamize hivyo, mwanangu. Huku tunalala."

"Samahani, baba."

"Mzee Mbunda!" Eusebia alinipazia sauti. "Kalamu si jembe. Gusa tu. Ukikandamiza, hakuna kinachoongezeka."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, maana nimejifunza mapema kucheka kabla ya bakora kufika. Inauma vilevile, ila mpigaji anachoka upesi.

Nikagusa kwa upole. Namba moja, Longinus, mkuu wa kaya. Namba mbili, Osmunda, mke. Namba tatu, Gaudensia, mama. Watoto wetu wameoa na kuolewa, wana namba zao kwingine. Nikafika namba nne. Nikachora D.

Nikanyanyua kalamu.

"Umemaliza?" kikauliza kikompyuta.

"Bado. Ni herufi ya kwanza tu."

"Ukinyanyua mkono, mimi najua umemaliza na mtu."

Nikaandika haraka zilizobaki: Ditram.

Ditram ni mdogo wangu. Aliondoka miaka saba iliyopita kwenda Tunduru kuchimba mawe ya thamani, na hatujapata barua wala salamu. Kaya yetu huku Mbinga imo kwenye utafiti, na kila mzunguko naidodosa mimi mwenyewe. Si sahihi, najua, ila hakuna mdadisi mwingine anayekubali kupanda kile kilima. Kila mzunguko nauliza swali kama kanuni inavyotaka, na mama anajibu vilevile: "Ditram yupo. Ametoka kidogo." Nami naandika: yupo. Karatasi ilikuwa na adabu. Haikuwahi kuniuliza mara ya pili.

"Ditram alilala hapa usiku wa jana?" kikauliza kikompyuta. Vikatokea visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Nikagusa Ndiyo.

"Alikula nini?"

Swali hilo halimo kwenye dodoso. "Ugali," nikasema.

"Na nini?"

"Maharage."

"Baba Kandida," akasema Osmunda bila kugeuka, "jana sijapika maharage."

Darasa zima likaandika hilo.

"Kanuni ya saba," kikasema kikompyuta. "Asiyelala kwenye kaya miezi sita mfululizo si mwanakaya. Dada Eusebia aliifundisha asubuhi. Wewe ulikuwa unamchora kuku pembeni ya daftari. Namfuta namba nne. Unathibitisha?"

Ndiyo. Hapana.

"Nikikataa?"

"Majibu yako yatapingana na sitaweza kuyahifadhi. Na betri yangu imebaki ukucha. Ikiisha kabla hujahifadhi, sitamkumbuka yeyote. Nitaanza kumsahau aliye mzee kuliko wote."

Namtazama mama. Ameanza kupauka. Kanga yake inapoteza maua moja moja, mikono yake inafanana na nakala ya waridi iliyosahauliwa juani. Anashika jani la boga, analigeuza, analigeuza tena.

"Longinus," anasema, "hivi hili tunalifanyaje?"

Amechambua mboga hizo miaka sabini.

"Mama, subiri kidogo. Nashughulika."

"Umemwandika mdogo wako?"

"Mama, Ditram hayupo."

Ugali unaacha kutokota. Ni mara ya kwanza neno hilo linasemwa ndani ya nyumba yetu, na nimelisema mimi, kwa sauti ile ninayotumia kwa watu baki.

"Ametoka kidogo," anasema mama.

"Miaka saba, mama."

"Kidogo chake ndivyo kilivyo. Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili." Sasa naona dawati kupitia kifua chake.

Nainua kalamu. Nafikiria haraka, kama mtu anayechagua kipi cha kuokoa kwenye nyumba inayoungua. Yule hayupo, huyu yupo. Hesabu ni rahisi. Nimewafanyia watu hesabu hiyo mara nyingi, nimewaketisha akina mama vibarazani na kuwauliza kwa upole kama tumtoe fulani kwenye orodha, nikapewa maji ya kunywa na kuaga. Nilikuwa naona ni kazi nyepesi.

Nagusa Ndiyo.

Mkono wangu ukaelemea kushoto.

Kilichoguswa kilikuwa kitufe cha pembeni, kile cha kurusha taarifa kutoka kikompyuta kimoja kwenda kingine.

"Umechagua kurusha," kikasema. "Vyombo vitazamane uso kwa uso, umbali wa hatua moja, pasiwe na kitu katikati."

Na hapo hatukuwa jikoni tena. Tulikuwa barabarani chini ya kilima, pale malori yanaposimama. Jua la saa nne asubuhi. Mbele yangu, hatua moja kamili, alisimama Ditram na shati lile aliloondoka nalo, na begi kichwani. Kwenye mfuko wa shati lake kiliwaka kitaa kidogo chekundu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe umenenepa. Wanakupandisha nini huko ofisini, cheo au kilo?"

Nilikuwa nimesahau kwamba utani wangu tunao wawili.

"Nashindwa kurusha," kikasema kikompyuta. "Kuna kitu katikati."

Tukatazama chini. Katikati yetu ilisimama baiskeli yangu, bila kuegemea chochote.

Asubuhi ile ya kuondoka, Ditram aliniomba nimsindikize na baiskeli, walau nimbebee begi hadi barabarani. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nikamwambia baiskeli ya kazi haibebi watoro. Nilisema kwa kuchekesha, na nilitazama pembeni kuona nani amecheka. Yeye akajitwika begi, akashuka kilima. Hakugeuka.

"Siku ile ilikuwa Jumapili," ikasema baiskeli.

"Najua."

"Hukuwa na kazi. Nilishinda ukutani."

"Nimesema najua."

"Isogeze basi, kaka," akasema Ditram. "Begi lina uzito."

"Isogeze wewe, uko karibu zaidi."

"Tuko karibu sawa. Halafu ni ya kwako."

Nikashika usukani. Haikutikisika. Nikavuta kwa mikono miwili, nikavuta kwa bega, lile bega la nakala tatu. Haikutikisika. Kikompyuta kikaanza kulia kwa vipindi, kama kifaranga aliyepotezana na wenzake. Kileleni nikaona paa la nyumba yetu linapauka.

"Dada Eusebia alisemaje kuhusu kukandamiza?" akauliza Ditram.

"Umemjuaje Eusebia?"

"Kaka, hii ni ndoto yako. Sema unachotaka kusema, betri inaisha."

Nikaachia usukani. Nikatafuta neno la kuchekesha, maana ndilo linalonijia kwanza. Nikakuta hakuna. Nikamwambia nililopaswa kumwambia Jumapili ile: lete begi, nikusindikize. Lilikuwa fupi, na nililisema taratibu, kwa sauti ya kugusa tu.

Baiskeli ikaondoka yenyewe. Iliyumba kidogo mwanzoni, kama kawaida yake, kisha ikashika barabara.

Kitaa chekundu mfukoni mwa Ditram kikapepesa.

"Mnatazamana," kikasema kikompyuta. "Swali la mwisho, na ajibu mhusika. Ditram Mbunda, usiku wa jana ulilala wapi?"

Ditram akashusha begi. "Unamaanisha usiku huu tulionao?"

"Dodoso litajazwa kukicha. Kukicha, usiku huu utakuwa wa jana."

"Kaka yangu sasa hivi amelala wapi?"

"Nyumbani kwenu. Kitanda cha kulia, mdomo wazi."

"Na mimi niko wapi?"

Kikompyuta kikapekua mwongozo. "Umo ndani yake," kikasema mwishowe.

"Basi niandike nimelala humo humo nyumbani."

"Hilo halimo kwenye kanuni."

"Wala halijakatazwa," nikadakia. Miaka kumi na tisa ya madodoso imenifundisha kuangalia upande huo.

Kikompyuta kikapekua tena kwa muda ambao ungemtosha Osmunda kusonga sufuria nzima. Kisha kikasema, bila furaha wala huzuni: "Namba nne: amelala. Miezi sita inaanza kuhesabiwa upya."

"Umesikia, kaka," akasema Ditram. "Sita. Usiipoteze mezani kwenye chai. Tunduru si mbinguni, malori yanakwenda kila wiki."

"Nitakutafutia wapi?"

"Si wewe ndiye mdadisi? Piga hodi, uliza."

Kikatokea kitufe cha Hifadhi. Nikakigusa. Sikukandamiza.

Niliamka mdomo wazi, kwenye kitanda cha kulia. Kumekucha. Nje mama anafagia uwanja, kanga yake ina maua yote, anamgombeza jogoo kwa jina. Osmunda anapuliza moto. Kikompyuta kipo mezani kimezimwa.

Nikachukua maji nikazungukia nyuma ya nyumba kunawa uso. Nikapita dirisha la chumba cha pili, chumba cha Ditram ambacho sasa hakuna anayelala.

Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na mswaki wa mpera. Nikauchukua. Mti ulikuwa mbichi, umekatwa si zamani, na ncha yake iliyotafunwa ilikuwa na maji bado. Mama hana jino hata moja. Mimi na Osmunda tunatumia brashi za dukani. Nikaunusa. Nikatazama kushoto na kulia kama mwizi.

Kisha nikaurudisha pale pale dirishani, ncha ikielekea jua ili ikauke vizuri, nikaenda kumuuliza Osmunda lori la Tunduru linapita siku gani.